Daktari wa Ukungu

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.
3 Februari 1975

Wilbert,

Sikuulizi hali. Mtu mwenye nguvu za kuandika kurasa nne kuhusu miti mibovu ni mzima kuliko sisi wote hapa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa, maana ya kwanza nilidhani macho yamenidanganya. Nimengoja neno lako tangu Pasaka ya mwaka jana. Nilipoona stempu ya Ujerumani nikasema, haya, leo mdogo wangu ameukumbuka mguu wa Baba. Kumbe bwana mkubwa ana shida na boriti! Boriti ya mkoko iliyokaa baharini mpaka ikabonyea kwa kidole, isioshwe, isianikwe, itiwe kwenye nailoni na unyevunyevu wake, apewe baharia wa meli ya Kijerumani ailete kwako. Loo! Hapa watu wanapanga foleni ya sukari tangu alfajiri, wewe Ulaya nzima umekosa kitu kinachooza?

Na mimi nitajieleza vipi kwa watu? Wenzangu hapa sokoni wana wadogo zao ng'ambo, wanaletewa picha wamevaa makoti meupe, kifaa cha kusikilizia moyo kinaning'inia shingoni. Nikiulizwa mdogo wako anasomea nini, nasema udaktari, halafu nakohoa. Wakiuliza udaktari wa nini, namgeukia mteja. Daktari wa ukungu! Ukungu ambao mimi nikiuona kwenye mkate naukata na kisu nautupa.

Baba yuko hapa kwangu. Kidonda cha mguu kilikataa kupona kule Kibosho, nikamleta mjini, anachomwa sindano zahanati. Unalikumbuka neno lake la ile Krismasi, uliposimama mbele ya ukoo mzima ukatangaza kwamba unaacha udaktari wa watu, unakwenda Ujerumani kusomea ukungu. Alisema akifa usiguse sepetu ya kaburi lake. Neno hilo hajaliondoa, na wewe hujaomba liondoke. Mzee ana miaka sabini na mguu unaotoa usaha, Wilbert. Akifa nalo utasimama wapi siku hiyo? Nyuma kwenye migomba, na watoto?

Barua zako hataki kuzishika, anasema zinanuka. Lakini nikianza kusoma kwa sauti anavuta kigoda karibu, anajifanya anasikiliza redio. Redio yenyewe haina betri.

Mwandikie. Ukishamwandikia ndipo nitafikiria habari ya boriti.

Dada yako,
Josepha

*

Rostock,
Ujerumani Mashariki.
27 Februari 1975

Dada Josepha,

Shikamoo.

Nasikitika kwamba kazi ya sayansi inakutia aibu mbele ya wauza vitunguu. Sikutegemea mtu anayepima dunia kwa kibaba aielewe, ila nitajaribu kueleza, tena taratibu.

Kuna ukungu wa nchi kavu na kuna ukungu wa baharini. Huu wa baharini unaishi ndani ya mti uliozama, kwenye chumvi, umebanana na vijidudu chungu nzima vinavyougombea mti uleule. Hauna meno ya kumng'ata mtu wala miguu ya kukimbilia. Basi unatengeneza sumu zake, kidogo kidogo, za kuwaua majirani. Sumu hizo ndizo tunazozitafuta, kwa sababu baadhi yake zinaweza kuua vijidudu vya maradhi zikamwacha mgonjwa mzima. Miaka thelathini iliyopita daktari mmoja wa Italia alichota maji ya bahari pale mfereji wa maji machafu unapomwagikia, akapata humo ukungu. Kutokana na ukungu ule leo kuna dawa zinazotibu pale penisilini inaposhindwa. Cheka upendavyo, lakini wakubwa wa Ulaya wanachomwa kitu kilichotoka mdomoni mwa bomba la choo.

Na hiyo penisilini yenyewe unadhani inachimbwa kama chumvi? Muulize Baba sindano yake inaitwaje. Inatoka kwenye ukungu, Dada, jamaa wa karibu wa ule unaoukata na kisu. Mzee aliyenikataa mbele ya ukoo kwa ajili ya ukungu, kila asubuhi anainua shuka achomwe dawa ya ukungu. Mwambie hivyo, na salamu zangu.

Maji ya huku ni baridi, na walio hapa wameshayachokonoa yote. Wenzangu wanaletewa miti kutoka Kuba. Mimi natoka nchi yenye bahari ya joto na sina hata kijiti. Nisipopata mti mwaka huu nitapewa kazi ya kuosha vyombo vya wengine.

Kuhusu lile neno, aliyelisema ni yeye. Mimi sikumtukana mtu. Simwandikii. Aliyelisema ndiye aliondoe.

Mdogo wako mtiifu,
Wilbert Polycarp

*

Kariakoo,
24 Machi 1975

Ewe mtiifu,

Marahaba. Matusi yaliyofuata baada ya shikamoo nimeyaweka kando, nitayajibu nikipata nafasi dukani. Nyoo! Anayepima dunia kwa kibaba ndiye aliyekulipia shule.

Sikiliza kilichotokea. Nilisoma kwa sauti kama kawaida, Baba kajiinamia kwenye redio yake. Nilipofika kwenye penisilini, akaizima ile redio isiyowaka. "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Mwongo."

Kesho yake zahanati, kabla hajainua shuka, akamkazia macho Sista Candida. "Hii kitu inatoka kwenye nini?" Unamjua Sista Candida? Mama wa Songea, hana muda wa kumbembeleza mtu. Akamwambia, "Kwenye ukungu, babu. Geuka." Mzee akageuka. Tumetembea mpaka tumekaribia nyumbani, mimi nikijua leo nimekwisha. Mara akasimama katikati ya njia, makuli na mikokoteni yao wanampigia kelele apishe, akautazama mguu wake. "Na kidonda kinafunga," akasema. Basi, ni hayo tu.

Jioni akaniuliza, "Mti wa yule mtu umepatikana?" Yule mtu ni wewe. Kwa hiyo ukishukuru, usinishukuru mimi.

Nikaenda Feri kwa Mwinyimvua anayeuza boriti. Nilipomweleza ninachotaka alicheka mpaka akakaa chini. Akanitolea majini nguzo ya gati la wavuvi lililoanguka zamani, laini kama muhogo uliolowekwa, akaikata vipande kwa msumeno. Pesa akakataa. Alisema hajawahi kumuuzia mtu takataka na hataki kuanza leo.

Gunia likakaa uani likingoja meli. Harufu yake, mama yangu! Tena kuna mwenye mdomo mrefu akapeleka habari kwa balozi wa nyumba kumi kwamba yule Mchagga wa duka la ndoo anaficha sukari gunia zima. Balozi akaja na mashahidi wawili. Nikamwambia fungua mwenyewe, mheshimiwa. Akafungua, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Tangu siku hiyo akiniona anavuka barabara.

Baba akasema mzigo ataufunga yeye. Nikamwambia kamba ipo, nitafunga. Akasema mimi sijui kufunga kitu, akanifukuza uani kama kuku. Ni mara ya kwanza anagusa kitu chako tangu ile Krismasi, nikaona nimwache. Baharia ameshaondoka nao. Afisa wa bandarini aliniuliza ni kitu gani. Nikamwambia mti uliooza. "Wa kazi gani?" Nikamwambia wa msomi. Akagonga muhuri bila kuuliza tena.

Mwandikie Baba, Wilbert. Mstari mmoja tu. Hata ukimtukana, lakini mwandikie yeye, si mimi.

Josepha

Mbuzi wa jirani amekata jani zuri kuliko yote kwenye masale yangu ya debeni. Mji huu hata mbuzi hawana adabu.

*

Rostock,
19 Mei 1975

Dada Josepha,

Shikamoo.

Mzigo umefika, na mti ni mzuri. Nakiri sikutegemea.

Nimekata vipande vidogo, nikaviweka kwenye visahani vya kioo juu ya chakula tunachokipika kwa mwani na maji ya chumvi. Kipande kimoja kimetoa ukungu mdogo mweusi ambao Profesa Lüdke anasema hajawahi kuuona. Nikauhamishia kwenye sahani iliyojaa vijidudu vya usaha, jamaa walewale wanaokaa kwenye vidonda. Asubuhi nikakuta ukungu umejizungushia duara safi, na ndani ya duara hakuna kilicho hai. Si dawa bado, na huenda isiwe dawa kamwe. Vingi vinavyoua kijidudu vinamuua na mgonjwa. Lakini nimepewa meza yangu na muda wa kuendelea. Wenye miti ya Kuba sasa wananisalimu wao kwanza.

Pamoja na hayo lazima niseme jambo, maana inaonekana maelekezo yangu yalikuwa magumu kwa watu wa huko. Niliandika nailoni. Sikuandika majani. Kamba ya nje, aliyofunga Baba, ilikuwa sawa. Lakini ndani ya nailoni kuna mjinga, nadhani ni huyo Mwinyimvua wako wa kucheka mpaka chini, aliyelizungushia gogo jani refu bichi, akalipiga fundo kana kwamba anafunga mzigo wa kuni. Limeoza njiani likawa uji mweusi. Limeleta ukungu wa nchi kavu, unaokua mbio, ukaufunika mti karibu wote. Vipande vingi imebidi nivichome moto pamoja na hilo jani.

Profesa aliuliza kama ni desturi ya nchi yetu kufunga vitu vya maabara kwa takataka za shambani. Nikamjibu kwamba kwetu watu wengi bado hawajasoma. Ningesema nini kingine?

Mwambie aliyelifunga asirudie tena.

Wilbert

*

Kariakoo,
9 Juni 1975

Wilbert,

Salamu zako kwa aliyelifunga jani zimemfikia. Niliisoma barua yako kwa sauti, Baba akiwa kwenye kigoda chake, na siku hiyo hakuigusa redio. Aliinamisha kichwa upande wangu waziwazi, mikono magotini, kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Mimi mpumbavu nikadhani anapenda habari za ukungu. Nikasoma: jani refu bichi. Nikasoma: akalipiga fundo. Mpaka ulimi umefika kwenye kuchoma moto ndipo akili ikanifikia, na kinywa kilikuwa kimeshatamka.

Nikaenda uani kulitazama lile debe la masale. Mbuzi hakati kwa kisu.

Mchagga gani wewe anayeona jani refu limepigwa fundo asijiulize? Nani kakufuta kichwa hivyo? Hata mtoto anayepeleka mbuzi malishoni anajua. Kwetu mtu akimpelekea mwenziwe jani la isale lenye fundo, amepiga magoti. Anaomba yaishe. Na anayepelekewa hakatai, hata kama kati yao kuna damu. Babu yetu alipokea isale kutoka kwa watu waliomuua kaka yake, akanywa nao pombe siku hiyohiyo. Hilo ndilo ulilochoma. Na nikwambie jingine: isale hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Mzazi hampelekei mtoto. Sijawahi kulisikia Kibosho nzima. Baba yetu, Polycarp yule asiyempisha mtu hata mlangoni mwa kanisa, amelikata uani kwangu akijificha, akalitia kwenye gunia la mti mbovu ili mimi nisimwone amepiga magoti mbele ya kijana wake. Nawe ukamwita mjinga.

Nilitaka kusema kitu. Akaniinulia mkono. "Amelichoma?" Nikaikunja barua. "Basi nimejibiwa."

Asubuhi alipanda basi la Moshi. Sindano hazijaisha. Sista Candida alimfuata mpaka kituoni akimfokea mbele za watu, naye akapanda kama hasikii. Kidonda kitafunguka tena, na safari hii hatakubali achomwe dawa yoyote ya ukungu, kwa sababu yako.

Kaa na duara lako safi. Umesema ndani yake hakuna kilicho hai. Nakuamini.

Usiniandikie.

J.

*

Rostock,
30 Juni 1975

Dada,

Shikamoo. Najua umesema nisiandike.

Sitakuambia kwamba sikulijua kwa sababu lilikuwa limeoza. Fundo lilikuwa bado fundo. Nililishika kwa koleo ndogo, nikaligeuza huku na huku, nikaona uchafu. Ningekuwa kuli wa sokoni ningelijua. Imenibidi niwe msomi ili nisilijue.

Barua yako ilinikuta maabara. Nikatoka, nikatembea bila kujua ninakokwenda, nikiwaza nimpelekee Baba nini huko aliko. Barua hatashika. Isale hapa nitalitoa wapi, nchi ambayo barafu inafunika bahari? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza, Dada, nikiwa nimesimama kwenye korido mbele ya mlango wa Profesa Lüdke. Na mlangoni pale kuna chungu. Wazungu wanapanda humo mmea wa urembo, mke wake huja kuufuta vumbi kwa kitambaa. Nimeupita kila siku tangu nilipofika. Mara nyingine nimetundika koti langu juu yake. Ni isale.

Nikalikata jani kwa kisu cha maabara. Profesa akafungua mlango akanikuta nalo mkononi. Akauliza, kwa hasira, ni desturi gani hii ya kukata maua ya mke wa mtu. Nikamwambia ni desturi ya watu waliosoma kuliko yeye. Huenda ile meza si yangu tena, sijarudi kuangalia.

Jani limo humu. Nimelipiga fundo, lakini sikumbuki vizuri linavyopigwa, nimefunga na kufungua mpaka limechubuka. Usimtumie kwa posta. Mpelekee kwa mkono wako, nakuomba, funga duka kwa ajili yangu hata kama sistahili. Mwambie halikutoka kwa daktari wa kitu chochote.

Na mwambie arudi kwenye sindano. Anitukane, lakini achomwe.

Naogopa kujua kama limechelewa.

Wilbert

*

Kibosho,
18 Agosti 1975

Wilbert,

Duka nimelifunga, wateja wangu sasa wananunua ndoo kwa yule mwanamke wa Mtaa wa Swahili anayenichukia, na nyumbani nimefika nimevimba miguu. Hayo utayalipa kwa njia utakayoijua mwenyewe.

Kidonda kilikuwa kimefunguka, kama nilivyokwambia. Nilimkuta kalala, mguu juu ya gunia, nyumba inanuka kuliko boriti yako. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikaitoa bahasha, nikamwekea jani kifuani. Lilikuwa limekauka, na muhuri wa posta ya Wajerumani umelipiga ukaacha alama katikati.

Alilishika muda mrefu. Nilidhani analia, nikageuza uso nisimwone. Mara nikasikia anasonya.

"Fundo gani hili? Hili ni la kamba ya kiatu."

Akaniambia nimwinue, akalifungua lile fundo kwa vidole vyake, akalifunga upya inavyotakiwa, akalitia mfukoni mwa shati. Halafu akasema ana njaa.

Habari zikatembea, unawajua watu wa hapa. Jioni akaja Mzee Augustino na wazee wenzake, wakaanza kujadili. Augustino akasema jani lililoota chunguni kwa Mzungu halihesabiki kuwa isale. Mwingine akasema baba na mtoto wote wamepelekeana, sasa nani anamsamehe nani? Baba akawaacha wamalize. Kisha akamgeukia Augustino, na ile dharau yake unayoijua, ile iliyokufukuza nyumbani. "Wewe Augustino umechomwa sindano ya kifua mwaka juzi, ukapona. Ilitoka kwenye nini?" Augustino akasema ilitoka hospitali. "Ilitoka kwenye ukungu, mjinga wewe! Unatibiwa hujui unatibiwa na nini, halafu unataka kunifundisha isale?" Akawaeleza mpaka giza likaingia, choo cha Mtaliano, mti wa Feri, vijidudu kugombea gogo. Nusu alikosea. Aliyefungua mdomo kumpinga aliitwa hajasoma. Loo, nilikuwa nimekaa jikoni nacheka na kulia pamoja, mwiko mkononi.

Sasa anachomwa kila siku zahanati ya misheni. Anageuka bila kuambiwa. Mguu haujasema utafuata njia gani, nisikudanganye. Sista wa huku anautazama, anaufunga bendeji mpya.

Leo asubuhi nilipoaga nikamwuliza nikuandikie nini. Akasema hana la kusema na mtu anayekata maua ya wake za watu. Nikachukua kikapu changu. Nilipofika kizingitini akaniita.

"Mwambie sepetu iko nyuma ya mlango wa jikoni. Nimeitia mpini mpya, mrefu, wa kimo chake. Ila asije mbio. Amalize kwanza huo ukungu."

Dada yako,
Josepha